Shamba Barazani kwa Mkuu

Udongo ukiporomoka mlimani, nani anaurudisha juu? Jibuni! Mnatazamana nini? Kwani nimeuliza jambo gumu?

Haya. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa gani hiyo, ya watu wanaosinzia? Paukwa!

— PAKAWA!

Hapo kale, kale ya zamani kabisa, palikuwa na kijiji juu mlimani, juu kule ambako asubuhi umande huganda ukawa mweupe na mbuzi hukohoa kama wazee. Udongo wa kule ulikuwa mwembamba. Piga jembe kwa nguvu, ng'aa! umegonga mwamba. Wala haukuongezeka upesi, maana kwa baridi ile hata jani lililoanguka halikuwa na haraka ya kuoza. Udongo walioachiwa na mababu ndio huo huo. Hapakuwa na mwingine.

Kwa hiyo walijenga kuta za mawe kukata mteremko, ukuta chini ya ukuta, kama ngazi. Mvua ikinyesha, udongo unashuka kidogo, unakwama ukutani. Mvua ikiisha, kila mtu anajitwika kikapu, anaurudisha ulikotoka. Shuka, panda. Shuka, panda. Bibi harusi hakuitwa mke mpaka apandishe kikapu chake.

Na walikuwa na desturi moja. Ukuta ukibomolewa, jiwe la kwanza hurudishwa na aliyebomoa, mbele ya watu, huku akisema, "Ni mimi." Asiposema, hakuna anayegusa. Msicheke. Waliwahi kumzibia mtu kimya kimya, na mwaka uliofuata akabomoa tena.

Sasa mwaka huo, mvua za vuli zilipokwisha, watu wakakuta ukuta wa juu kabisa una pengo la kupita ng'ombe wawili sambamba. Udongo umepitia hapo, poro-poro-poro, pwaa! umerundikana bondeni. Na masika inakuja. Masika ikikuta pengo liko wazi, mlima unabaki mifupa, na watu wanahama au wanakufa njaa.

Mkuu wa kijiji, Mrindoko, akaita mkutano. Akauitia wapi? Kwenye baraza lake jipya. Baraza pana, la mawe, limezunguka nyumba. Mawe mapya? Thubutu! Upande mmoja bado yalikuwa na ukungu wa kijani wa shambani. Watu wakaketi juu yake, wakaanza kujadili nani amechukua mawe.

Ndiyo. Mmenisikia vizuri. Waliketi juu yake.

"Ni nungunungu," akasema mmoja. "Siku hizi wanachimba sana."

"Nungunungu abebe jiwe?"

"Basi ni mizimu."

"Mizimu ya nani? Ya kwetu haina tabia hiyo."

"Mimi," akasema Mrindoko, akipapasa baraza lake, "nashuku upepo."

Vichwa vikaitikia. Upepo, naam, upepo. Mrindoko ndiye aliyegawa maji ya mfereji, nani ambishie?

Palikuwa na Bibi Nakiete, aliyewafundisha wote pale kupanga mawe, Mrindoko akiwemo. Yeye hakuketi.

"Bibi, karibu ukae," akasema Mrindoko.

"Mawe haya nimeyakalia tangu usichana wangu, nikipumzika kulima. Leo nayakuta huku. Ngoja kwanza tuzoeane upya."

Mtu akakohoa. Mbuzi naye akakohoa.

"Kwa kweli upepo wa mwaka huu ni mkali," mtu akasema.

Bibi Nakiete akashusha pumzi ndefu, ile ya mtu aliyechoshwa na watu. Akaondoka.

Asubuhi akateremka bondeni na kikapu. Akajaza udongo. Shuka, panda. Lakini hakwenda shambani. Alikwenda kwa Mrindoko, pwaa! akaumwaga barazani. Akausawazisha. Akashika jembe. Kacha, kacha, kacha.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Nalima."

"Hapa ni kwangu!"

"Udongo unakaa penye ukuta wake. Ukuta wa juu uko hapa, basi na shamba la juu liko hapa. Hebu nisogezee huo mkeka, mwanangu, nipande maharage."

"Lakini ni upepo, Bibi!"

"Sawa. Upepo umehamisha ukuta, mimi nahamisha shamba. Tunasaidiana."

Wanawake waliopita wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha wakafuata vikapu vyao. Shuka, panda, pwaa! Shuka, panda, pwaa! Baraza likajaa. Udongo ukafika kizingitini, na Bibi Nakiete akapanda viazi mlangoni.

Mke wa Mrindoko, Namkunda, akatoka kwa kuruka matuta. "Mume wangu, sema."

"Niseme nini? Upepo…"

"Huo upepo ndio uliokunywa pombe niliyowapikia waliokubebea mawe?"

Yule wa nungunungu akatazama miguu yake. Na yule wa mizimu pia.

Mawingu yakashuka. Tone. Tone. Chwaaa! Masika imefika. Matope ya barazani yakaingia ndani, yakazunguka mafiga, yakapanda kitandani. Na kule juu, kupitia lile pengo, udongo ukaanza kushuka.

Mnataka fundisho? Lichukueni sasa, maana nikifika mwisho siongezi neno. Wakati mnamsitiri mkubwa asione aibu, udongo hauwasubiri. Unashuka. Basi.

Mrindoko akang'oa jiwe moja barazani kwake, akajitwika. Akapanda mteremko kwenye mvua, anateleza, anainuka, kijiji kizima nyuma yake. Akafika penye pengo. Akafungua kinywa.

"Upe…"

"Sema, mwanangu," akasema Bibi Nakiete. "Tunalowa."

Mrindoko akaliweka jiwe chini, mahali pake.

"Ni mimi. Nilitaka wageni wanikute nimekaa juu. Niliubomoa kwa mikono yangu hii."

Na hapo ndipo hadithi yangu inapotua.