Swichi Nyuma ya Pazia

Usimtumie mwenzako hadithi hii kabla hujaisoma yote. Hadithi yenyewe inawahusu watu wa namna hiyo.

Katika chuo kimoja kulikuwa na binti aitwaye Nyamizi, mwanachama wa klabu ya mdahalo. Hoja alikuwa nazo, sauti alikuwa nayo, lakini kila mdahalo alipewa kazi ileile: akae pembeni agonge kengele muda wa wasemaji unapokwisha. Wasemaji walikuwa wavulana watupu. Kinara wao, Ngwilizi, wakati wa likizo alitafsiri filamu kwenye banda la video mtaani kwao, na mdomo wake haukujua kupumzika.

Mashindano ya vyuo yalipokaribia, mlezi wa klabu, Mwalimu Mbonde, akatangaza mtihani.

"Tutatazama filamu ya upelelezi. Nitaisimamisha kabla muuaji hajajulikana. Atakayemtaja na kuthibitisha, huyo ndiye msemaji wetu mkuu."

Moyo wa Nyamizi ukaruka. Kwa mara ya kwanza, hakuna aliyesema wavulana peke yao.

Filamu ilikuwa ya Waingereza wa zamani, nyeusi na nyeupe, imejaa mikwaruzo. Tajiri kauawa ndani ya jumba lake, na mpelelezi anahoji watu taratibu, daktari mmoja mzee akiwemo, huku akishindilia tumbaku kwenye kiko. Mtu akiitwa, utamwona akiinuka, akitafuta kofia, akivuka sebule nzima, akifunga mlango. Ndipo aitwe mwingine.

"Huyu mpelelezi analipwa kwa saa nini?" Ngwilizi akauliza. Ukumbi ukacheka.

Basi akaanza kutafsiri kama yuko bandani. Kila penye kimya, akapajaza. "Mcheki mpwa wa marehemu, macho kama mwizi wa kuku! Ndiye huyo! Twendeni zetu tukale!"

"Kaka Ngwilizi, tuache tusikie," Nyamizi akasema.

"Usikie nini, dada? Hawasemi kitu!"

"Basi tuache tuone."

"Wewe kagonge kengele."

Kicheko kikapasuka. Nyamizi akameza hasira, akarudisha macho kwenye picha. Kusema kweli alichoka, na kope zilikuwa nzito. Lakini hakubanduka.

Filamu iliposimamishwa, ukumbi mzima ukapaza sauti: mpwa!

"Ni daktari," Nyamizi akasema, peke yake.

"Yule babu mpole?" Ngwilizi akamkata. "Si alisema hajawahi kukanyaga nyumba ile? Ushahidi uko wapi?"

"Nautoa sasa hivi. Kaka, kwanza tuwashie taa."

Ukumbi ule walikuwa wameuazima siku hiyo kwa watu wa kitivo cha kilimo, na madirisha yote yalizibwa. Ngwilizi akapapasa ukuta wa kulia, akapapasa wa kushoto, akajigonga goti kwenye kiti.

"Jamani, swichi yenyewe iko wapi?"

"Hivyo ndivyo anavyofanya mgeni," Nyamizi akasema. "Daktari aliingia chumba cha marehemu gizani, akapeleka mkono moja kwa moja nyuma ya pazia, akawasha taa. Hakupapasa hata kidogo. Walituonyesha polepole, makusudi kabisa. Wewe ulikuwa unatusimulia habari za kuku."

Mwalimu akaendelea na filamu. Haukupita muda mrefu, babu mpole akatiwa pingu.

"Alishaiona huyu!" Ngwilizi akafoka.

"Na wewe ulikuwa wapi?" Mwalimu akamjibu. "Si ulikaa naye humu humu ikioneshwa?"

Meza zikapigwa kwa viganja, vigelegele vikapaa, hadi wenyeji wa kitivo cha kilimo wakaja mbio kuuliza kuna nini ukumbini kwao.

Wakajibiwa kwa sauti moja: "Tumepata msemaji mkuu! Anaitwa Nyamizi!"

Funzo: Jambo kukuchosha si ushahidi kwamba halina maana, na anayejaza kila kimya kwa maneno yake hupitwa na jibu lililokuwa mbele ya macho yake.