Mama Mkwe wa Tembo Anakuja Krismasi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na majiko na milango ya kufunga kwa komeo, kulikuwa na kijiji kilimani, na kijiji hicho kilikula Krismasi kama tunavyokula sisi. Wiki za mwisho kabla ya sikukuu kila nyumba ilikuwa na shughuli. Huyu anapaka chokaa, yule anapepeta mchele, mwingine anamsuka binti yake na binti analia. Jioni kwaya inafanya mazoezi, na Kima anakosea palepale alipokosea mwaka jana.

Ila jambo moja lilikuwa baya. Krismasi yote ilikuwa ya Tembo.

Ilikuwa hivi. Sikukuu ikikaribia, Tembo alisimama mlangoni kwake, akainua mkonga na kuupiga: Paaaaa!

"Sikukuu ni kwangu! Leteni unga, leteni mchele, leteni mafuta! Tutakula pamoja!"

Basi walileta. Wakapika wao, wakapakua wao. Hiyo "pamoja" ya Tembo ilikuwa yeye kula kwanza, halafu wengine kugawana ukoko. Hakuna aliyemkatalia. Mwaka mmoja Nyumbu aliuliza swali tu. Tembo akaenda akaiegemea nyumba yake, na nyumba ikalala chini. Tangu hapo hakuna aliyeuliza.

Sasa mwaka huo Bi Pimbi alikuwa na mchele. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo wa manyoya, anakaa kwenye mawe, ukubwa wake kama sungura ila masikio mafupi. Mpunga wake aliulima mwenyewe bondeni, akawafukuza ndege mwenyewe, akatwanga mwenyewe: pu! pu! pu! Watoto wake hawakuwahi kula pilau ya moto siku ya Krismasi. Walijua ukoko tu, wakadhani pilau ndivyo ilivyo, nyeusi na ngumu.

Asubuhi moja Ngiri alipita mlangoni, gunia la unga mgongoni, mkia juu.

"Unakwenda wapi na unga, jirani?"

"Kwa Mzee. Afadhali nipeleke mapema asije akaniegemea."

"Na wanao watakula nini sikukuu?"

Ngiri akatazama chini. "Nimewaambia wale sana leo."

Bi Pimbi aliingia ndani, akajifunga kanga safi, akashika njia ya kwa Tembo mikono mitupu.

Alimkuta Tembo amekaa uani, Nungunungu anampakia ukuta chokaa. Magunia na madebe yalikuwa yamerundikwa mpaka usawa wa dirisha.

"Hodi! Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba. Mchele uko wapi?"

"Mchele upo, Mzee. Nimekuja kwanza kukupongeza kwa ugeni."

"Ugeni gani?"

"Lo! Kumbe hujaambiwa? Basi nimeharibu. Ngoja nirudi nyumbani."

"Njoo hapa! Ugeni gani?"

Bi Pimbi akasogea, akashusha sauti. "Mama mkwe wako anakuja kula Krismasi."

Tembo akasimama ghafla. Muelewe, watoto, wakati ule mwanamume na mama mkwe wake waliheshimiana sana. Mkwe hali mbele ya mama mkwe. Hapazi sauti mbele yake, wala hamkatalii neno. Na mama mkwe wa Tembo alikuwa mkubwa kumpita Tembo mwenyewe. Ndiye aliyeongoza ukoo mzima huko mtoni, na hakuwa na desturi ya kusema jambo mara mbili.

"Nani kakwambia?" Tembo aliuliza.

"Nimesikia kwa ndege."

Ulikuwa uongo. Ndege hawakusema kitu.

"Atakaa sana?"

"Inategemea. Akikuta chakula kingi namna hii, atakaa mpaka kiishe. Na wewe utakuwa unakitazama tu."

Tembo akameza mate, gwi! "Sasa nifanyeje?"

"Mimi ningekuwa wewe, asingekuta hata punje. Kila mtu achukue chake akapike kwake. Akiona jiko lako halitoi moshi, atageuza njia. Wewe sikukuu utapita nyumba kwa nyumba kama mgeni, sahani hapa, sahani pale. Nani atakunyima?"

Tembo akafikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda. Halafu mkonga ukapanda juu: Paaaaa!

"Mwaka huu kila mtu kwake! Njooni mchukue vitu vyenu! Upesi!"

Hakuna aliyetaka kuelezwa zaidi. Ngiri alionekana akikimbia na gunia lake, unga ukimwagika njia nzima. Nungunungu aliacha brashi ndani ya ndoo na nusu ya ukuta haijapakwa.

Lakini nyuma ya ukuta huo, jikoni, alikuwepo Bi Ndovu, mke wa Tembo. Alikuwa amesikia yote.

Mchana alikwenda kwa Bi Pimbi. Kuingia hawezi. Alipiga magoti nje, akaweka jicho moja mlangoni.

"Bi Pimbi, ni kweli? Mama anakuja?"

Bi Pimbi alikuwa anachambua mchele. Mkono wake ukasimama.

"Sijamwona tangu niolewe," Bi Ndovu aliendelea. "Kila mwaka namwambia mume wangu tumwite, anasema mwakani. Nimeshamfulia shuka la kulalia. Anafika lini?"

Bi Pimbi alikuwa hodari wa kudanganya wakubwa. Lakini jicho lile lilikuwa kubwa kama sahani, na lilikuwa limejaa machozi ya furaha.

"Dada," akasema, "haji. Nimetunga mwenyewe. Nilitaka watoto wangu wale sikukuu kwao."

Chozi moja la Bi Ndovu likaanguka, pwaa! likalowesha kizingiti chote.

"Nisamehe. Wewe sikukufikiria kabisa."

"Ungeniambia," alisema Bi Ndovu. "Unadhani mimi napenda? Kila Krismasi nakula nimesimama, nyumba imejaa watu wenye njaa wanaoniogopa." Akavuta pumzi ndefu. "Yule Mbayuwayu bado amejenga chini ya paa lako?"

"Yupo."

"Mtume mtoni. Amwambie mama, binti yako anakuita Krismasi, uje bila kukosa. Huo uongo wako tutaufanya kweli."

Mbayuwayu hakusubiri hata kuagwa. Fyuuu! akapotea upande wa mtoni.

Siku ya Krismasi ikafika. Watu walirudi kutoka kanisani, na moshi ukapanda kutoka kila nyumba. Kwa Ngiri chapati, kwa Nungunungu maandazi, kwa Kima maharage ya nazi. Watoto wa Bi Pimbi waliletewa sinia la pilau, wakaitazama, wakamwuliza mama yao mbona haijaungua.

"Kuleni tu," alisema, na akageukia ukutani kidogo kabla ya kukaa nao.

Tembo naye alitoka kwake amejipaka mafuta, masikio yanapepea. Jiko lake lilikuwa baridi, mama mkwe hajaonekana, na harufu ya chapati za Ngiri ilikuwa inamvuta kwa mkonga. Hajafika hata mwisho wa ua, ardhi ikaanza kutikisika.

Du! Du! Du!

Tembo alirudi mbio akajificha nyuma ya ghala la mahindi. Lilikuwa ghala jembamba. Lilificha mkonga tu.

Mama mkwe akaingia uani, furushi kichwani. Bi Ndovu alimkimbilia wakakumbatiana, wakalia, wakacheka. Hilo lilichukua muda, na Tembo hakuthubutu kupumua. Hatimaye mama mkwe akatazama huku na huku.

"Yule aliyetugeuzia mgongo nyuma ya ghala ni nani?"

"Ni mume wangu, mama. Anakuheshimu."

"Vizuri. Na mbona jiko halina moto siku kama ya leo?"

"Kuni hazijapasuliwa, mama. Na maji hayajachotwa."

"Mkwe!"

"Na... naam, mama."

"Shoka liko wapi?"

Basi Tembo akapasua kuni. Kwa! Kwa! Kwa! Alipomaliza akateremka bondeni kuchota maji, akapanda, akateremka tena. Majirani waliposikia mama yake Bi Ndovu amefika, kila mmoja alileta sahani. Chapati zikapita mbele ya Tembo. Maandazi yakapita. Pilau ya Bi Pimbi ikapita, inafuka moshi. Mama mkwe alikula akisifu, na Bi Ndovu alikaa kando yake juu ya mkeka, amenyoosha miguu, anakula polepole. Vyombo aliosha Tembo.

Jioni Bi Pimbi alizunguka nyuma ya nyumba na bakuli dogo la pilau. Tembo alikuwa amekaa juu ya magogo, amelowa maji, tumbo linamnguruma. Alipitisha ulimi mara moja na bakuli likawa jeupe.

"Pimbi," alinong'ona, "wewe ulisema akiona jiko halitoi moshi atageuza."

"Nilisema, Mzee."

"Mbona hakugeuza?"

Bi Pimbi alitazama mlango wa jikoni, akauona uko wazi. "Kwa sababu siku ile nilikudanganya. Hakuwa na safari yoyote. Tumemwita baadaye, mkeo na mimi. Nilitaka mwaka huu kila mtu ale kwake."

Maneno hayo yalimwingia Tembo taratibu. Masikio yakafunguka kwanza, halafu macho yakawa mekundu. Akainuka, akainua mkonga juu ya paa, akavuta pumzi mpaka majani ya mgomba yakamgeukia.

"Nani huyo anataka kupiga kelele huko nyuma?" sauti ikauliza kutoka jikoni.

Mkonga ukashuka polepole.

"Hakuna mtu, mama," Tembo alisema, akachukua ndoo.

Hadithi yangu imetua hapo, watoto, na linalobaki ni hili: sikukuu ya jirani si yako, hata kama una nguvu za kuibeba.