Uwanja Ulioliwa na Ngiri

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa uwanja!"

"Uko wapi?"

"Umelimwa!"

"Kaulima nani?"

"Mwenye meno marefu!"

Ehe! Basi tulieni, na wa kucheka acheke kwa adabu, maana mimi leo sicheki. Hadithi hii kila nikiisimulia hasira zinanipanda.

Hapo kale, tena kale yenyewe si mbali, Bonde la Misufi lilikuwa na uwanja. Watoto wa wanyama walicheza humo kutwa: mpira wa makaratasi, rede, kombolela. Kindi, binti mdogo kama ngumi, ndiye aliyekuwa golikipa. Mpira ukija, ruka! daka! Ukija tena, ruka! daka! Hakuna aliyempita.

Siku moja akaja Ngiri, mwenyekiti wa bonde, meno nje. Akautazama uwanja, akasema, "Ardhi nzuri hivi inakanyagwa bure!" Akaanza kulima. Kwa pua, kwa meno, fuku fuku fuku! Akapanda viazi vitamu toka goli mpaka goli. Wazazi walikuwepo. Waliona. Wakasema nini? Wakasema, "Shikamoo, Mwenyekiti," wakapita zao. Aibu iliwapata? Haikuwapata.

Sasa watoto waende wapi? Wakaenda kwa Bi Nungunungu, mjane mwenye kibanda chake kando ya njia. Alikuwa na masanduku mawili ya gemu, yale ya kioo kinachowaka, yanayokula umeme wa jua. Ndani ya kioo kuna kinyama kinakimbia, kinaruka magogo, kinavuka mto. Ukikosea, chubwi! unaanza upya. Watoto wakakaa humo, pedi ya vitufe mkononi, bonyeza bonyeza.

Weee! Kelele zikaanza. Ngiri akaita baraza.

"Watoto wameharibika! Gemu inawatoa adabu! Zamani watoto walicheza mpira, wakatoka jasho. Siku hizi hata mpira hawaujui!"

Kindi alikuwa amejibanza nyuma ya mama yake. Damu ikamchemka. Acheze mpira wapi, juu ya matuta ya viazi? Akanyoosha mkono.

"Shusha mkono huo," akaambiwa. "Wakubwa wanaongea."

Na wakaongea! Huyu akasema gemu inaleta ukorofi. Yule akasema gemu inaleta uvivu. Mmoja akajaribu kusema mwanawe amejifunza kuhesabu humo humo, akazomewa mpaka akakaa chini. Kila mtu alisema lake. Watoto tu ndio hawakuulizwa.

Mwisho wa maneno, Ngiri akabeba sanduku moja akalipeleka kwake. Alisema ni kwa uchunguzi.

Uchunguzi huo! Kila adhuhuri Kindi alipopita juu ya mti wa jirani, alisikia nyumbani kwa Ngiri: bonyeza bonyeza, chubwi! "Shenzi!" Bonyeza bonyeza, chubwi! "Mto huu una laana!" Akachungulia. Mwenyekiti kajikunyata mbele ya kioo, macho mekundu, chakula kimepoa, na matuta yake huko shambani yamemezwa na magugu. Kindi hakucheka. Alitetemeka kwa hasira mpaka mkia. Kisha akasema moyoni, hasira bila akili ni moto wa makaratasi, akanyamaza, akangoja.

Likaitwa baraza la pili, asubuhi, bonde zima.

"Uchunguzi umekwisha," akasema Ngiri. "Gemu ni sumu. Kibanda kivunjwe leo, na kiwanja chake nitakilinda mimi."

Atakilinda yeye! Mmesikia lakini?

"Tena tuweke sheria. Kobe, andika: atakayekutwa ameshika pedi saa za kazi, shamba lake anyang'anywe, liwe la bonde zima."

Kobe, karani wa baraza, akaandika pole pole, kra, kra, kra. Akauliza, "Mkubwa au mdogo, Mwenyekiti?"

"Mkubwa au mdogo! Sheria haina jamaa!"

"Ndiyooo!" wakaitikia wote. Bi Nungunungu akaangua kilio. Watoto wakatazamana. Uwanja umekwenda, na sasa kibanda nacho kinakwenda.

Hapo Kindi akatokeza mbele, akapiga magoti.

"Shikamoo, Mzee Mwenyekiti. Kweli tumeharibika. Lakini wazazi wetu hawajaiona hiyo sumu kwa macho yao. Niruhusu niwaonyeshe. Mimi sina shamba la kunyang'anywa. Wakishaona, watakivunja kibanda kwa mikono yao wenyewe."

Ngiri akafurahi, meno yakang'aa. "Mnaona? Kitoto hiki kina adabu. Onyesha, binti, waone!"

Sanduku likaletwa mbele ya baraza. Kindi akashika pedi. Akakimbia, akaruka, akafika mtoni. Chubwi! Wazazi wakaguna. Sikio la Ngiri likacheza.

Akakimbia, akaruka, akafika mtoni. Chubwi! Mkia wa Ngiri ukasimama wima.

"Unaruka mapema mno," akanong'ona.

"Umesema, Mzee?"

"Sijasema kitu! Endelea!"

Akakimbia, akaruka, akafika mtoni. Safari hii akangoja gogo lielee mpaka katikati. Ruka! juu ya gogo. Ruka! ng'ambo. Muziki ukalia, na kule ng'ambo kukafunguka shamba la mahindi mabichi, mhindi mmoja sawa na mti. Ngiri alikuwa hajawahi kupaona hapo. Mdomo ukabaki wazi, mate yakamdondoka.

Kindi akaweka pedi chini, akapiga mwayo. "Nimechoka."

Kwenye kioo namba zikaanza kushuka. Tano! Nne!

"Kitakufa!" akalia Ngiri. "Kiokoe!"

"Na kife, Mzee. Si sumu?"

Tatu! Mbili!

Ngiri aliruka meza ya baraza, akamkanyaga Kobe mgongoni, akaikamata pedi. Bonyeza bonyeza bonyeza!

Kindi akageuka kwa karani.

"Babu Kobe, saa ngapi sasa?"

"Saa nne asubuhi. Saa za kazi."

"Na sheria inasemaje?"

Kobe akasoma neno kwa neno, haraka haina baraka. Alipomaliza akaita, "Mwenyekiti, umesikia?"

"Nimesikia, nimesikia! Subirini kidogo, namalizia hii tu!"

Loo! Neno hilo kila mzazi analijua. Bi Nungunungu akafuta machozi, akasimama, akapaza sauti, "Mkubwa au mdogo!"

"Sheria haina jamaa!" wakaitikia watoto, nao hao, mbio. Wakafukua viazi, wakasawazisha matuta, wakachimbia nguzo za goli pale pale zilipokuwa. Viazi vikachemshwa, bonde zima likala.

Jua limeshapinda ndipo Ngiri alipoinua macho. Akashuka mbio. "Shamba langu! Nani kagusa shamba langu?"

Mpira ukaja. Kindi akaruka, akaudaka, akasimama katikati ya goli. "Huu ni uwanja wetu. Sheria umeiweka kwa mdomo wako."

Ngiri akatazama huku na huku, hakuna aliyemwamkia. Akaenda zake kibandani kwa Bi Nungunungu, kwenye gemu, na nasikia mpaka leo yumo.

Wazazi waliokuwa pembeni wakatikisa vichwa. "Kumbe watoto walikuwa wanataka uwanja tu!"

"Kumbe nini?" Kindi akawageukia, machozi ya hasira yanamlengalenga. "Mlikuwepo. Mliona."

Wakatazama chini.

Hadithi yangu imeishia golini, anayeitaka aidake. Na fundisho mnalitaka? Haya. Gemu ni mbaya sana, inampokonya mtu shamba mchana kweupe. Kwa hiyo, watoto, muwe na adabu, wasikilizeni wakubwa wenu kwa kila neno, na mkiwapenda, msiwaachie pedi.