Mkono Uliorudi Kutoka Peponi

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awarehemu wote, kwamba katika ngome moja ya mpakani, zama zile ambapo Waislamu walilinda mipaka yao kwa zamu, aliishi askari aitwaye Dhamra bin Naufali. Ngome yenyewe ilikuwa juu ya mlima mkavu, upepo wake hauna huruma, na adui alikuwa ng'ambo ya bonde tu, moshi wa meko yake ukionekana kila asubuhi. Katika vita vya lango la mashariki Dhamra alipigwa rungu la chuma begani. Alipona, lakini mkono wake wa kulia ulikufa. Ukabaki unaning'inia, hauna nguvu wala hisia.

Sasa, watu wa ngome ile walikuwa na desturi yao. Aliyeumia katika njia ya Allah, na mjane wa aliyekufa, hawakuachwa waombeombe njiani. Baitul-mali iliwapa fungu lao la ngano, mafuta na nguo, na nyumba katika safu ya ndani ya ukuta, mahali palipokuwa salama kuliko pote. Na kila mwaka, baada ya sala ya Idi, msimamizi wa ghala, mzee Zurara, aliwasimamisha majeruhi mbele ya watu, akainama na kubusu kiungo kilichoumia cha kila mmoja kabla ya kumkabidhi fungu lake. Walisema kiungo kile kimetangulia peponi, kinamngoja mwenyewe. Waliamini hivyo hasa, si kwa mzaha. Akina mama walikuwa wakileta watoto wao wagonjwa waguswe na mkono wa Dhamra, naye, mtu mpole, hakumkatalia yeyote.

Basi alfajiri moja, majuma machache kabla ya Idi, Dhamra alikuwa akitawadha. Akaumiminia maji mkono ule kwa mkono wa kushoto, kama siku zote. Maji yalikuwa baridi. Lakini alijuaje kwamba ni baridi? Akamimina tena, polepole. Naam, yalikuwa baridi ya kuuma, na kidole chake cha shahada kikajikunja chenyewe.

Subhanallah! Mimi na wewe tungeanguka tukasujudu. Hata yeye neno la shukrani lilimjia, likafika kwenye ncha ya ulimi. Kisha akaukumbuka ukuta. Akaikumbuka ngazi ya lango la mashariki, na sauti ya mwenzake Jundubu ikimwita kwa jina, naye asiweze kumfikia mpaka sauti ikanyamaza. Amri ya ngome ilikuwa wazi: aliyepona hurudi ukutani, na nyumba yake hupewa mwingine. Akaimeza ile Alhamdulillahi, akauficha mkono ndani ya joho.

Msiharakishe kumlaumu, nawaombeni. Humu humu wamo wanaoogopa mbwa wa jirani.

Tangu siku ile hofu ikawa inaamka naye na kulala naye. Kila mkono ulivyozidi kupona, ndivyo alivyozidi kuogopa. Akaufunga kwa kitambaa shingoni, asije akajisahau ukafanya jambo mbele za watu. Hata katika sala, wenzake walipoinua mikono miwili kwa takbira, yeye aliinua wa kushoto peke yake. Hebu lifikirini hilo. Pale alikuwa akimdanganya nani? Waumini walikuwa wanatazama mahali pa kusujudia, hakuna aliyekuwa na habari naye. Dhamra alilijua jibu.

Siku moja akamjia Unaisa, mjane wa yule Jundubu. Fungu la ngano alikuwa akipewa, lakini nyumba zote zilikuwa zimejaa, kwa hiyo alikuwa akilala na watoto wake kwenye baraza ya msikiti. Alikuja amembeba mdogo wao, amemfunika shuka gubigubi.

"Shemeji," akasema, "huyu anawaka moto tangu jana. Nipe ule mkono wako wa peponi."

Hakungoja jibu. Akaushika mwenyewe, akauweka juu ya paji la uso la mtoto. Joto la homa likapenya kiganjani kwa Dhamra, likapanda mpaka begani, naye akajikaza kama gogo huku kijasho chembamba kikimtoka. Alihisi kila kitu: nywele laini, ngozi kavu, mshipa unaopiga mbio.

"Mungu akulipe," Unaisa akasema. "Ni huu upepo wa baraza tu. Nyumba ikipatikana atapona. Nasi hatuna haraka, shemeji. Wapo wenye haki kuliko sisi."

Dhamra alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ilipobaki siku moja tu Idi iingie, mkewe, Lubaba, alikuwa akikanda unga uani. Alisema bila kumtazama, "Jana ulifukuza nzi."

"Nzi gani?"

"Nzi. Kwa mkono wa kulia."

"Lubaba, mimi..."

"Usiniambie! Nisipojua, sitaulizwa." Kisha akashindwa kujizuia, akalia, mikono imejaa unga. "Walikuleta juu ya ubao wa mlango, nikajua wameniletea maiti. Nilishakulilia mara moja, mume wangu, sina machozi ya mara ya pili. Kesho mwache mzee akubusu, tuchukue haki yetu, turudi zetu nyumbani."

"Si haki yetu, mke wangu."

"Nani anajua?"

Neno lile likawaangukia wote wawili. Lubaba akajiziba mdomo kwa kiganja chenye unga, akasema kwa sauti ndogo, "Astaghfirullahi." Lakini ombi lake hakulifuta. Walikula chakula chao, kila mmoja na woga wake.

Ikaja Idi. Baada ya sala majeruhi wakapangwa mstari, na mzee Zurara akaanza kupita. Akabusu kigutu cha mguu wa huyu, akabusu jicho la yule lililotobolewa na mshale, watu wakileta takbira. Dhamra alimwona akikaribia, na moyo ulimwenda mbio hata akadhani jirani yake anausikia. Alikuwa ameutuliza mkono usitikisike. Alikuwa ameweza. Lakini kuna jambo moja hakulikumbuka.

Mzee Zurara akakishika kiganja chake, akainama. Kisha akasita. Kiganja kilikuwa kimelowa jasho. Na mkono uliokufa hautoki jasho, mzee yule alikuwa ameishika mingi mno asilijue hilo.

Hakuinua kichwa. Hakupaza sauti. Akamnong'oneza, asisikie mwingine, "Nibusu, mwanangu?"

Ya Rabbi! Neno moja tu. Angesema "ndiyo", mambo yangekwisha pale, kwani mzee angebusu na hakuna binadamu ambaye angeuliza. Mbele yake Dhamra aliona ngazi ya lango la mashariki. Na nyuma ya ngazi aliona siku ile ambayo viungo vitapewa ulimi, na mkono huu huu, ulioombewa dua na kupakwa machozi ya akina mama, ukisimama kumshitaki mbele ya Jundubu.

"Usibusu," akasema.

"Sema wasikie."

"Usibusu! Mkono umerudi!" Akauchomoa kwenye kitambaa, akauinua juu pamoja na mwenziwe, watu wote wakauona. "Umerudi siku nyingi, nami nimeuficha. Nimewaficha nyinyi, na nimesimama kwenye sala nikijaribu kumficha Mola wangu."

Mtu mmoja akapiga kelele, "Mwizi!" Mwingine akamwambia anyamaze.

"Na tena si mkono tu," Dhamra akaendelea, sauti ikimkatika. "Mimi ninaogopa, mzee wangu. Nikiitazama ngazi ile miguu inaniisha nguvu. Mkono umepona, hili halijapona. Je, hili halina fungu?"

Mzee Zurara akaunyoosha mgongo wake. Kisha akasema, "Halina. Lingekuwapo, mwanangu, ningekuwa wa kwanza kulipokea. Tangu ujana wangu sijaupanda ukuta ule bila tumbo kunisokota."

Askari wenye mvi waliokuwa pale wakainamisha nyuso, na yule aliyeita "mwizi" hakuonekana tena.

Siku ile ile nyumba ikatolewa. Lubaba alitoka na chungu na mkeka, wakapishana mlangoni na Unaisa na wanawe. Lubaba alikuwa analia, na nisiwadanganye, hayakuwa machozi ya shukrani. Wakahamia chumba cha askari karibu na lango, mahali unaposikia kila jiwe linaloporomoka bondeni. Dhamra akaiendea ngazi. Wanasema alifika katikati, akashuka, akakaa chini amejishika kichwa, kisha akapanda tena.

Alilinda zamu yake miaka mingi, na hakuacha kuogopa. Kisha adui alikuja na ukungu asubuhi moja, na Dhamra akafa palepale alipowekwa.

Lubaba alikaa eda akiwa na hofu pamoja na majonzi. Alijua watu hawasahau, na hakuthubutu kutuma mtu ghalani. Lakini kabla eda haijaisha, mzee Zurara, ambaye sasa alikuwa mkongwe wa kuongozwa njia, alibisha hodi mwenyewe, nyuma yake punda amebeba ngano na mafuta. Akasimama nje ya pazia.

"Mzee wangu," Lubaba akasema kwa ndani, "unakumbuka kwamba mume wangu aliwahi kuwaficha?"

"Nakumbuka. Mafungu mengine, binti yangu, nayatoa kwa kuambiwa na watu kwamba fulani anastahiki, na huku moyo una wasiwasi. Hili lako nalitoa nikiwa na yakini. Angetaka kula kisicho chake, angekula siku ile."

Lubaba akaisaga ngano ile, akakanda unga, akaoka mkate, akawapa watoto aliomzalia Dhamra na yeye akala. Haukumkwama kooni.

Ndugu zangu, kuogopa hakukumtoa Dhamra katika waja wema. Nasi tutaogopa, hilo halina shaka: tutaogopa njaa, tutaogopa watu, tutaogopa kesho. Tunamwomba Mola mtukufu atujaalie, kila hofu mbili zitakapotuvuta, ishinde ile ya kumwogopa Yeye.