Siku Pimbi Alipoiba Kikapu cha Kiboko

Hapo zamani za kale, Kiboko alipokuwa bado hajajua kwamba maji ya chumvi yanawasha macho, aliamua kuipeleka familia yake pwani kupunga upepo.

Msicheke! Hata nyinyi mnapenda kupunga upepo.

Wakatoka mtoni alfajiri. Bwana Kiboko alitangulia na mkeka, Bi Kiboko akabeba kikapu cha magimbi ya kuchemsha, na nyuma wakafuata watoto wao watatu. Kitinda mimba aliitwa Tope, na kwa uvivu wa kutembea hakuwa na mpinzani. Saa nne wakafika kwenye ufuko usio na mtu. Mchanga ulikuwa mweupe na mpana, na nyuma yake jabali limesimama wima kama ukuta. Njia ya kupanda ilikuwa moja tu: ngazi ya mawe kule mwisho, karibu na maji.

Juu ya jabali hilo alikaa Pimbi na mkewe. Pimbi mnamjua: mdogo, hana mkia, lakini nyayo zake zinanata kwenye mwamba na mdomo wake haulali. Akashuka mbio, puku puku puku!

"Karibuni, watani! Mbona hamkupiga hodi?"

"Hodi nimpigie nani?" akajibu Kiboko. "Nilidhani wewe ni kokoto!"

Wakacheka wote. Ukoo wa Kiboko na ukoo wa Pimbi ni watani tangu enzi, na watani hutukanana bila kununiana. Tena mtani anaweza hata kukubebea chakula chako! Ukimkamata kabla hajavuka kizingiti cha nyumba yake, unamnyang'anya. Akishavuka, ni chake, nawe unacheka tu.

Kiboko akatandika mkeka kwenye kivuli, chini kabisa ya jabali. Tak! Kokoto likamdondokea Tope mgongoni.

"Si hapo, mtani," akasema Pimbi. "Jabali hili linaangusha mawe. Kaeni kule kati, mchezee maji ya kina kifupi. Halafu ikifika saa saba, wote juu! Leo ni bamvua, maji yatajaa mpaka ukutani. Tazama mwani huu."

Akamwonyesha mwani mkavu ulionasa kwenye jiwe, juu kuliko kichwa cha Kiboko.

Kiboko akaitazama bahari, iko mbali kule, imetulia. Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Hoo hoo hoo! Wewe unifundishe mimi maji? Nimezaliwa majini, nimeoa majini! Tangu lini maji yakaondoka, kisha yakarudi? Mto wangu unakwenda upande mmoja tu."

"Huu si mto, mtani. Mto unakubeba. Bahari inakupigiza ukutani."

"Baba Tope," akasema Bi Kiboko, "maji usiyoyafika hujui kina chake. Tumsikilize mwenyeji."

"Mama Tope, mwenyeji mwenyewe hanifiki goti!"

Pimbi akachomeka kijiti mchangani, pale maji yalipoishia. "Basi angalia kijiti hiki tu." Kiboko akakichomoa, akachokolea meno, akarudi mkekani palepale chini ya jabali, akajilaza. Krooo! Krooo!

Watoto walifurahi, msiniulize! Walifukuza kaa, wakateleza kwa matumbo, wakarushiana maji. Bi Kiboko aliwakataza kusogelea jabali, lakini kumwamsha mumewe hakuthubutu. Akasinzia naye.

Ilipofika saa nane, Pimbi aliyekuwa ameketi kwenye ngazi akasikia baridi miguuni. Maji! Yalikuwa yanalamba jiwe la kwanza. Yakilimeza hilo, hakuna wa kutoka. Akapiga kelele, "Mtani! Mtani, amka!" Kiboko akafungua jicho moja. "Hebu nenda zako." Akalifunga.

Pimbi akaogopa kwelikweli. Alimpenda Kiboko. Akifa huyu, nani mwingine angemtukana vizuri namna hii?

"Ukweli wameukataa," akajiambia. "Basi niwape wizi."

Akanyemelea mkekani, nyata, nyata, nyata. Hap! Akajitwika kikapu, akatimua mbio.

"Baba! Baba! Kikapu kina miguu!" wakalia watoto.

"Magimbi yangu!" Kiboko akaruka. "Mkamateni! Asivuke kizingiti!"

Ukoo mzima ukainuka. Gidi gidi gidi! Pimbi akatupa gimbi moja mchangani. Akatupa jingine kwenye jiwe la kwanza, maji yakiwa magotini mwake. Akatupa jingine katikati ya ngazi. Kila walipotaka kuchoka, waliliona gimbi.

"Nimevuka!" akapiga kelele mlangoni kwake.

Kiboko akafika akihema kama mvukuto wa mhunzi. "Mwizi wewe! Umeniamsha, umenikimbiza juani..."

"Geuka nyuma, mtani."

Bwaaa! Ufuko haukuwepo tena. Wimbi liliunyakua mkeka, likaupigiza ukutani mara moja, mara ya pili, ukapasuka vipande viwili. Ni palepale alipokuwa amelaza kichwa.

Kiboko akawahesabu watoto. Mmoja. Wawili. "Tope! Tope yuko wapi?" Bi Kiboko akapiga ukunga. Kisha kwenye ngazi ikatokea pua, halafu mashavu yamevimba. Tope alikuwa ameokota magimbi yote yaliyotupwa, hakuacha hata moja.

Kiboko akamkumbatia, akalia mbele za watu bila haya. "Mtani, si ungeniambia!"

"Nilikuambia."

"Ungepiga kelele!"

"Nilipiga. Wewe sikio lako liko tumboni."

Kiboko akafuta machozi. "Haya, nirudishie magimbi yangu."

"Yamevuka kizingiti."

Kiboko akacheka, maana mila ni mila, na mke wa Pimbi akawapakulia wageni magimbi yao wenyewe.

Kesho yake saa nne, maji yalipokupwa, walishuka tena. Mkeka wa kuazima ukatandikwa kati ya mchanga, mbali na jabali. Kiboko akachomeka kijiti kwa mkono wake mwenyewe, akainua kichwa, akaita, "Mtani! Leo tupande saa ngapi?"

Ukifika ufuko usioujua, wanangu, muulize anayelala pale, hata kama hakufiki goti.