Mwamiaji wa Dungu la Tatu

Mtu mmoja alikuwa na shamba la mpunga bondeni, kubwa kiasi kwamba aliyesimama upande huu hakumtambua aliyesimama upande ule. Jina lake Mkude. Mpunga ulipoanza kutia maziwa aliajiri watu sita wa kuamia ndege, akampandisha kila mmoja juu ya dungu lake, jukwaa la miti lililoezekwa nyasi, awafukuze kwa makelele na kwa mawe ya teo tangu alfajiri hadi jua lizame. Wa dungu la tatu alikuwa Mwajabu, mjane mwenye watoto wawili aliowaacha kwa dada yake.

Mwajabu hakuwa mvivu. Nalisema mapema kwa sababu najua mtakavyomhukumu. Msimu wa kwanza, waamiaji walipokuwa wakipewa uji asubuhi na ugali adhuhuri, ni yeye aliyefunga makopo kwenye kamba na kuzitandaza shambani, hata akivuta moja, nusu ya shamba inalia. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ameshiba, amekaa kivulini, anapokezana nyimbo na wenzake wa madungu ya jirani, na akili yake ikapata nafasi. Akaanza hata kutamani siku moja awe msimamizi, ajue kusoma, aandike majina ya watu daftarini kwa mkono wake.

Mkude alizipenda kamba zile, akadhani ni matunda ya hotuba zake. Maana alipenda kuhutubia, yule bwana. Msimu wa pili akaja na hekima mpya. Paka aliyeshiba, alisema, hakamati panya. Akafuta uji, akafuta ugali wa adhuhuri, akaacha mlo mmoja tu wa magharibi. Akaezua madungu, kwa kuwa kivuli huleta usingizi. Nyimbo akazipiga marufuku, akisema aimbaye hatazami. Hata majina aliyaacha, akawa anawaita kwa namba za madungu yao. Badala ya hayo yote akawapa maneno kila asubuhi, juu ya bidii na uaminifu, na ahadi kwamba atakayewashinda wenzake atafanywa msimamizi na kufundishwa kusoma. Aliyasema hayo midomo yake ingali na mafuta ya maandazi. Hilo linanichoma mpaka leo.

Mwajabu alijitahidi, kwa sababu kusoma alikutaka kweli. Kwa dada yake hakukuwa na chakula cha kumletea shambani. Miezi ya mpunga kutia maziwa ndiyo miezi ya ghala tupu. Wiki ya kwanza alikaza mkanda akapiga makelele kuliko wote. Wiki ya pili jua la utosi likamtia kizunguzungu, na lile daftari likamtoka moyoni. Hakuamua kuliacha, lilimtoka tu. Wiki ya tatu hata wanawe hakuwawaza sana, na jambo hilo lilimtia aibu, kisha aibu nayo ikaisha. Akabaki na tumbo.

Siku kweleakwelea walipoingia bondeni, kundi zito lililotia shamba kivuli, waamiaji watano walipiga mayowe kwa sauti zilizokauka. Kamba za dungu la tatu zilikuwa kimya. Mkude alikuja mbio, akamkuta Mwajabu ameshuka, amepiga magoti matopeni, anafikicha masuke mabichi viganjani na kula. Ndege walikuwa wanakula kando yake bila kumwogopa.

"Nilikuweka ulinde mpunga, na wewe umegeuka ndege," Mkude alisema. "Hawa wote hukuwaona?"

Mwajabu alimeza kwanza. "Tangu juzi sioni ndege, Bwana. Naona ubwabwa tu."

Akafukuzwa pale pale, bila ujira, matope yakiwa bado mikononi. Akaitwa mwizi na mvivu, na wenzake wakaambiwa watazame mfano huo. Kisha Mkude akawakusanya wale watano, wenye njaa ile ile, akawasimamisha kati ya mabua ambayo ndege wameyaacha matupu na kuwahutubia juu ya uvivu mpaka jua likapinda. Hakuna aliyeinjika chungu.

Mkude simchukii kuliko ninavyotuchukia sisi. Tumekunywa chai yetu asubuhi hii, na tukitoka hapa tutauliza tena kwa nini maskini hana juhudi, kwa nini mtoto wa fulani hashiki somo, kwa nini mtumishi wa ndani akitumwa anasahau. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hiyo tunaijua wote, na tunaisema tukicheka. Basi nijibuni, ninyi mlioshiba: mpunga ule aliumaliza nani?