Tuta la Wakimbiaji wa Vumbini

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado na nyumba, na majirani, na maneno ya majirani, palikuwa na kijiji kilichoitwa Vumbini. Jina hilo halikuwa la bure. Kila alfajiri, kabla jogoo hajawika mara ya pili, lilipita kundi la wakimbiaji, gudu gudu gudu, na vumbi lao likaingia kwenye uji, kwenye nguo zilizoanikwa, na kwenye pua za watoto waliolala.

Kundi hilo lilijiita Miguu ya Chuma. Kiongozi wake alikuwa Nyati, mwenye kifua kipana kama mlango wa ghala. Nyuma yake alikimbia Kifaru, ambaye haoni mbali lakini hajawahi kukiri. Kisha Pundamilia, ambaye alikimbia upande ule wenye watazamaji. Mwisho akina Nyumbu, ambao walikimbia kwa sababu wenzao wanakimbia. Walitoka getini kwa Nyati, wakazunguka kichuguu, wakarudi getini kwa Nyati. Basi. Kazi nyingine hawakuwa nayo.

Jirani yao alikuwa Digidigi. Mnamjua Digidigi? Miguu njiti, pua haitulii, na akili haitulii zaidi ya pua. Aliishi na Bibi Kobe. Huyu hakuwa bibi yake wa damu, ila ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, akimtafunia majani magumu mpaka meno yake yakaota.

Sasa sikilizeni shida iliyowakuta. Vumbini palikuwa na lambo, lile bwawa la kuchimba ambalo kijiji kizima kilikunywa maji yake. Mvua za mwaka uliopita zilibomoa tuta lake na kulijaza lambo tope. Masika yalikuwa yanakaribia. Wazee wakakaa, wakakubaliana kwamba tuta lisipoinuka kabla ya mvua, maji yatapita yakienda zake, na kiangazi kikifika kijiji kizima kitahamia kwenye mto mkubwa, mwendo wa siku nne.

Siku nne ni kwa wenye miguu mirefu. Kwa Bibi Kobe ulikuwa mwendo wa miezi, juani, bila maji. Kila mtu alijua maana yake, na hakuna aliyeitamka. Aliitamka mwenyewe, huku akichambua mboga.

"Mtakapohama, mjukuu wangu, uniachie kibuyu kimoja," alisema. "Na mlango uufunge vizuri, nisisumbuliwe na upepo."

Digidigi akaenda nyuma ya nyumba, akalia mpaka kwikwi zikamkamata.

Mbiu ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ilipigwa, na kama ilivyo desturi, kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu mmoja na jembe lake. Wakaja Nguchiro, Pimbi, Kanga, na wadogo wengine wa namna hiyo. Wakachimba siku saba. Tuta likafika kwenye goti la Pimbi, nanyi mnajua goti la Pimbi liko wapi. Kutoka kwa Miguu ya Chuma hakutokea hata ukwato mmoja.

Digidigi akafunga safari hadi kwa Nyati. Akabisha hodi, akakaribishwa, akainama kwa heshima, akaeleza habari ya lambo na habari ya bibi yake. Nyati alimsikiliza huku akinyoosha paja.

"Ningekusaidia, dada mdogo," akasema, "lakini jembe linakaza mabega. Mkimbiaji akikaza mabega, kwisha habari yake."

"Kwani mnakimbia kwenda wapi, kaka?"

"Hatuendi popote. Tunakimbia."

Digidigi akaaga. Alirudi kichwa kikiwa chini kwa uchungu, na kwa kuwa kichwa kilikuwa chini, akaiona njia ya wale wakimbiaji. Akasimama. Akaigonga kwa ukwato, ko ko ko. Ilikuwa ngumu kuliko sakafu ya Bibi Kobe. Hakuna aliyewahi kuishindilia kwa mti wala kwa jiwe, ni nyayo tu za kila siku. Pua yake ikaanza kuchezacheza.

Kesho yake, wakimbiaji walipokuwa wamekaa wakinywa uji wao baada ya mbio, Digidigi akapita karibu akiongea na Nguchiro kwa sauti ya kusikika. Alikuwa akimsimulia habari za wakimbiaji wa ng'ambo ya vilima. Hao, alisema, hawakimbii mikono mitupu. Hujipaka tope zito mgongoni, hupanda nalo tuta, hulikung'uta juu, kisha hulikanyaga kwenda na kurudi mpaka udongo ukatae kupokea unyayo. Wanaziita mbio za tope. Tena wanasema wale wa Vumbini wanaweza vumbi tu.

Uji ukamkwama Nyati kooni. "Nani kasema?"

"Mimi nimesikia tu, kaka. Mimi nani hata nijue mambo ya wakubwa?"

"Tope kama hilo linapatikana wapi?"

Digidigi akajikuna sikio. "Labda lile la lambo. Lakini msijisumbue. Ni zito, litawaumiza."

Mkitaka kumpeleka mwenye kiburi mahali, mwambieni hafiki. Kulipokucha kesho yake kundi zima lilikuwa lamboni. Chubwi, wakajitosa. Wakatoka weusi mpaka kwenye kope, wakapanda tuta wakihema, wakajikung'uta, pwata, pwata, na gudu gudu wakaanza kukanyaga. Digidigi ndiye aliyekuwa mwamuzi, akiwa na kijiti chake mkononi. Kila mzunguko alikichomeka kwenye udongo. Kijiti kikizama, mzunguko hauhesabiwi.

"Kimezama kidogo tu," Kifaru alilalamika siku ya kwanza.

"Ng'ambo ya vilima huwa hakizami kabisa," Digidigi akamjibu kwa upole.

Wakarudia mara sita.

Wadogo walikuja kupiga makofi na vigelegele. Wakimbiaji walipokwenda kuoga, wao walishika majembe wakasawazisha kingo, kisha wakaondoka kimya. Nguchiro ilimbidi ajifunike upande wa nguo yake usoni ili kicheko kisimtoroke. Na kila alfajiri tuta lilikuwa juu zaidi, nao wenyewe wasijue. Mkimbiaji haangalii chini, huangalia mbele na huangalia nani anamwangalia.

"Siku hizi hapa juu naona mbali," Kifaru alisema asubuhi moja. "Naona mpaka nyumbani kwa shangazi."

"Ndiyo faida ya mazoezi," Nyati akamwambia.

Siwafichi, wanangu, Digidigi alianza kuona haya. Alidhani Nyati ni majivuno matupu, lakini siku hizo alimwona akimsubiri yule Nyumbu mdogo aliyekuwa akichechemea, akimsukuma kwa paji la uso mpaka juu, bila kumcheka. Mara mbili alitaka kusema kweli. Mara mbili akamkumbuka bibi na kibuyu chake kimoja, akaumeza ulimi.

Siku ya ishirini na moja likabaki pengo moja tu katikati ya tuta, upana wa nyati wawili. Upande wa mashariki wingu lilikuwa limesimama. Wakimbiaji walikuwa wanajinyoosha pale chini ndipo Digidigi alipoona kitu kikitambaa kwenye njia, polepole, kikielekea kwao.

Alikuwa Bibi Kobe. Siku tatu mfululizo alikuwa akimuaga Digidigi kwamba anakwenda kuwashukuru vijana, naye Digidigi akadhani maneno ya wazee tu. Kila mtu kijijini alikuwa ameonywa asitoe siri, ila yeye. Nani angedhani atafika?

Digidigi akakimbia kumzuia, lakini wakimbiaji walikuwa wameshamwona, na wote wakatoa shikamoo kwa pamoja.

"Marahaba wanangu, marahaba," Bibi Kobe akasema, akihema. "Nimekuja kwa miguu yangu kuwashukuru kwa msaragambo. Nilisema mimi safari hii nitaachwa. Sikujua kwamba wakubwa kama ninyi mngebeba tope mgongoni kwa ajili ya kikongwe mmoja asiyeweza kuhama."

Pundamilia akamtazama Kifaru. Kifaru akatazama mahali alipodhani yupo Pundamilia.

"Msaragambo gani, bibi?" Nyati akauliza.

Bibi Kobe akaonyesha kwa kidevu. "Si hili tuta la lambo?"

Nyati akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu aanze mbio za tope akaliangalia lile tuta kutoka chini hadi juu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akamtafuta Digidigi kwa macho.

Uwongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni mwa Digidigi, uwongo mzuri tu, lakini bibi yake alikuwa pale anamtazama, naye hakuweza kuutoa.

"Ng'ambo ya vilima hakuna mbio za tope," akasema. "Nimezitunga mimi. Nilikuja kwako kwa adabu, kaka Nyati, nikakuomba, ukaniambia habari za mabega. Huyu ndiye aliyenitafunia majani. Sikuwa na njia nyingine."

"Umetufanya vibarua mbele ya kijiji kizima," Nyati akasema, na sauti yake ilikuwa chini kuliko kawaida, jambo ambalo lilitisha zaidi. "Basi nililolijenga bila kujua, nitalibomoa nikijua."

Akarudi nyuma hatua arobaini. Akainamisha pembe. Gudu gudu gudu gudu, pa! Mwangwi ukaenda ukarudi. Nyati alikuwa ameketi chini kwa makalio, macho yakizunguka. Tuta halikudondosha hata kibonge cha udongo. Akainuka, akarudi hatua themanini, akaja tena. Pa! Akaketi tena.

Hapo hasira ikamtoka na mshangao ukaingia. Akasogeza jicho karibu na udongo, akaugonga kwa ukwato.

"Nani kalishindilia hivi?"

"Wewe," Digidigi akasema. "Wewe na Kifaru na Pundamilia na akina Nyumbu. Asubuhi ishirini na moja. Sisi wote tulichimba siku saba tukafika kwenye goti la Pimbi."

Tone la kwanza likamwangukia Nyati puani, kisha la pili. Wingu lilikuwa limefika. Wote wakaligeukia lile pengo la katikati, kwa maana maji yakija yatapita hapo hapo, na mengine yote yatakuwa kazi bure. Hila zilikuwa zimemwishia Digidigi, na kuomba alikwisha kuomba.

Nyati akamtazama Bibi Kobe, ambaye alikuwa ameingiza kichwa ndani ya gamba kwa sababu ya mvua na haoni lolote. Akashusha pumzi. Kisha akatembea mpaka lamboni, hakukimbia, akajitosa kwenye tope peke yake, akatoka nalo mgongoni.

"Mmesimama nini?" akawaambia wenzake. "Kuna mama mzima hapa anasubiri."

Siku hiyo hawakuhesabu mizunguko, na Pundamilia hakuangalia watazamaji, maana watazamaji nao walikuwa ndani ya tope. Nguchiro alichimba, Pimbi alipanga mawe, Kanga alipiga kelele za kuhimiza, Kifaru alikanyaga alipoelekezwa. Mvua iliwapiga, nao wakaipiga ardhi. Pengo lilipozibika, maji mekundu yalishuka kutoka vilimani yakivuma, yakafika kwenye tuta, yakatafuta njia, yakaikosa. Yakatulia. Yakaanza kupanda.

Digidigi alilia tena, lakini safari hii alilia mbele za watu na hakujificha. Bibi Kobe akarudishwa nyumbani mgongoni kwa Nyati, akilalamika njia nzima kwamba anakwenda mbio mno.

Asubuhi iliyofuata Digidigi akasikia hodi. Akafungua mlango kwa hofu, akijua siku ya kisasi imefika. Nje alisimama Nyati na kundi lake lote, wametulia, pumzi zao zikitoa mvuke kwenye baridi. Nyati akakohoa, akaangalia kwato zake.

"Dada mdogo," akasema, "leo tunakimbilia kwa nani?"

Hapo ndipo hadithi yangu inapokaa, wanangu, na ninyi mkae na hili: nguvu huwa tamu ikifika mlangoni kwa jirani.